Msafara wa Lamu, magari ya kujiendesha, na taabu ya gari la nyuma

Kazi yangu hapa Malindi ni kufunga traka na spidi gavana, kwa hivyo siku nzima niko chini ya dashibodi ya gari la mtu na mwenye gari kasimama mlangoni ananipigia stori. Stori ya siku hizi ni moja tu. Madereva wameona video kwenye simu, gari huko Marekani linakata kona bila mtu kwenye usukani, sasa wanataka kujua, fundi, haya madude yatafika huku lini na sisi tutakula wapi. Mimi huwajibu kwamba gari moja linalojiendesha peke yake wala halinishtui sana. Likishajua kukaa upande wake wa barabara na kusimama likiona ng'ombe, limeshamaliza mtihani. Nipe gari kumi zinazofuatana, za wenyewe tofauti, hii imebeba simiti, ile iko tupu, nyingine breki zake anazijua Mungu na utingo, halafu niambie zote ziende pamoja bila kuachana na bila kugongana. Hapo ndo pana kazi.

Na sisi wa njia ya Lamu hili jambo tunalijua mwilini. Tangu yale mashambulizi ya 2014 kule Mpeketoni, mabasi na malori ya kwenda Lamu yakawa yanavuka kipande cha msitu kwa eskoti ya polisi. Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unapita Gongoni, unafika Minjila pale Garsen, mpaka hapo kila mtu ni bosi wa gari lake. Ukifika upande wa Gamba ndo mnaanza kungojana. Afande anapitapita anaangalia, matingo wanakimbilia chai, abiria wananung'unika, kisha gari la polisi linatangulia, jingine linakaa nyuma, na nyinyi katikati mnafuatana kupitia Nyongoro na Witu mpaka mtokee Hindi, halafu Mokowe kwenye boti.

Sasa chukua watu wawili waliosafiri msafara mmoja. Aliyekaa gari la pili kutoka mbele atakwambia tulikuja vizuri, mwendo wa pole. Aliyekaa la mwisho atakwambia tulikimbizana hatari, halafu tukasimama, halafu tukakimbizana tena, kichwa kinamuuma. Wote wawili wanasema kweli. Barabara ni hiyo hiyo na saa ni hizo hizo, na dereva wa nyuma wala hakuwa mbaya kuliko wa mbele.

Niliwahi kukaa kwenye kebini ya lori la nyuma kabisa na mzee mmoja ambaye njia hii kaiendesha tangu ni vumbi kiangazi na matope masika, kabla ya lami. Nikawa siangalii barabara, naangalia mguu wake. Ndara ya kulia imelika kisigino upande mmoja kwa kuhama huku na huku, mafuta, breki, mafuta, breki. Kule mbele basi la kwanza limepunguza kidogo tu, labda nyani wamevuka. Dereva wa nyuma yake anaona taa nyekundu, anachelewa kidogo kuamini, kisha anakanyaga breki kushinda yule alivyokanyaga manake ule muda aliochelewa lazima aulipe. Wa tatu naye anamlipia wa pili. Ikifika kwetu, lori la mbele limeshasimama kabisa, mzee anaukandamiza mguu, breki za upepo zinapiga tsss, mzigo unaguna huko nyuma na mimi mkono uko kwenye dashibodi. Halafu tunaondoka, tunafika pale penye shida, hapana nyani, hapana shimo, hapana chochote. Mzee akacheka, "Waona, fundi? Tumesimamia hewa."

Kusimamia hewa. Kuna watafiti wa Japani, kina Yuki Sugiyama, waliochapisha majaribio ya kitu hicho hicho mwaka 2008. Walichukua magari 22 wakayapanga kwenye duara lenye mzingo wa mita 230, wakawaambia madereva fuataneni tu, mwendo kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa za barabarani, hakuna kona, hakuna makutano, hakuna punda. Mwanzo ikaenda vizuri, halafu jamu ikazaliwa yenyewe, magari machache yamesimama kabisa na ile jamu inatembea kurudi nyuma kwenye duara, kama kilomita 20 kwa saa. Hiyo video iko mtandaoni, mimi huwaonyesha madereva wananiambia ah, hawa wamekuja Gamba lini.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kila dereva anapunguza mwendo kwa asilimia kumi zaidi ya wa mbele yake, kidogo tu, hata mwenyewe hajui. Wa mbele akipunguza kilomita 5 kwa saa, wa kumi nyuma yake atapunguza kama 13, na wa ishirini atapunguza zaidi ya 33. Kama msafara wote ulikuwa unakwenda 40, huyo wa ishirini keshakaribia kusimama kwa ajili ya kitu ambacho wa mbele alikifanya bila hata kukatiza stori. Wahandisi wa haya mambo wanaliita uthabiti wa msururu, na swali lao ni moja: mtikisiko ukianzia mbele, ukifika nyuma umepungua au umekua? Ukikua, msafara wako ni mbovu hata kama kila gari peke yake ni zuri. Hapo ndo napopataka mimi. Watu wanashindana gari la nani lina kamera nyingi na akili nyingi, wakati mambo yote yako pale katikati ya gari na gari.

Manake mtu atasema basi toa binadamu, weka kompyuta, kompyuta haishangai nyani. Ni kweli binadamu huchelewa kama sekunde moja au moja na nusu kabla mguu haujagusa breki, na kwa mwendo wa 80, ambao ndo mwisho wa spidi gavana zetu, sekunde moja ni mita 22, urefu unaozidi lori na tela lake. Kompyuta inachelewa kidogo kuliko hapo. Lakini inachelewa. Rada lazima ione, programu lazima iamue, breki lazima zijae upepo, injini lazima iitikie. Na gari nyingi mpya zinazoingia nchini sa hizi tayari zina hii kruzi kontroli yenye rada, inayojipimia umbali na gari la mbele na kushika breki yenyewe. Watafiti huko Marekani walichukua aina saba za magari ya namna hiyo, ya kununua dukani, wakayapima kwa swali la uthabiti wa msururu. Yote saba yalifeli. Yote yanakuza mtikisiko. Kwa hivyo ukipanga gari zenye kruzi kontroli tupu kutoka Gamba mpaka Hindi, wa mwisho ataumia vile vile, tofauti ni kwamba hatakuwa na wa kumtukana.

Sababu ni kwamba kila gari linamwangalia wa mbele yake tu. Fikiria sala ya Idi uwanjani, safu ziko nyingi mpaka barabarani, halafu spika inazimika. Safu ya kwanza inamsikia imamu, ya pili inaangalia ya kwanza, ya tatu inaangalia ya pili, na kule nyuma kabisa watu wako kwenye rukuu wakati imamu keshasujudu. Spika ikiwaka, au mtu wa katikati akipaza takbira, wa mwisho anainama pamoja na wa kwanza japo hamuoni. Hajapewa macho makali zaidi. Amesikia kutoka kwa kiongozi moja kwa moja, basi.

Na hivyo ndivyo msafara wa magari ya kujiendesha unavyofanywa. Kila gari lina redio yake, kwenye masafa ya gigahezi 5.9, na linatangaza kama mara kumi kwa sekunde: niko hapa, mwendo wangu huu, nimeanza kukanyaga breki kwa nguvu hii. Ujumbe unaondoka wakati breki ndo kwanza zinaanza kushika, kabla ya rada ya mtu yeyote nyuma haijaona kwamba umbali unapungua. Gari la nyuma linachanganya vitu viwili, kile linachokiona kwa rada yake kuhusu wa mbele, na kile linachokisikia kwa redio kutoka kwa kiongozi. Rada ni ya kusahihisha makosa madogo, redio ni ya kujua jambo mapema. Ukitoa kimoja kinabaki kichaa kimoja, manake kusikia bila kuona pia ni hatari, antena ikidanganya unaingia kwenye tela la mtu.

Hapa watu wa Lamu huniuliza, na msitu ule hauna netiwaki? Haihitaji mnara. Gari linaongea na gari moja kwa moja, mita mia kadhaa, hakuna bando wala laini ya simu. Na hapa niseme ukweli kuhusu bidhaa yangu mwenyewe, kuna matajiri wananiambia fundi si magari yote umeyafunga traka, ziunganishe basi zifuatane. Haiwezekani, bosi. Traka nyingi ninazofunga zinapeleka habari kwenye seva kila nusu dakika, tena zikipata netiwaki. Kwa mwendo wa 80, nusu dakika ni zaidi ya mita 660. Traka ni ya kukujulisha lori lako lililala wapi, si ya kumshikia dereva breki.

Sasa suala la umbali, na hili ndo lina utamu. Kuna namna mbili za kuliambia gari lifuate. Ya kwanza ni mita zisizobadilika, mkienda 30 au mkienda 80 ni mita zile zile. Ya pili ni muda usiobadilika, yaani uache sekunde kadhaa, mwendo ukipanda nafasi inapanuka yenyewe, mwendo ukishuka mnakaribiana. Hiyo ya mita inapendeza kwa macho, msafara unaonekana kitu kimoja kilichonyooka, lakini wataalamu walishathibitisha zamani kwa hesabu kwamba gari likiwa linamtegemea wa mbele yake tu, hiyo ya mita haisimami, mtikisiko lazima ukue. Inataka habari ya kiongozi ifike mpaka kwa wa mwisho. Hiyo ya muda inasamehe zaidi, hata redio ikikatika una nafasi ya kuokoka, ila inakula barabara, msafara unakuwa mrefu.

Waliowahi kuifanya ya mita kwa ujasiri ni Wamarekani, mradi wa California unaoitwa PATH. Agosti 1997 huko San Diego walifunga laini maalumu za barabara kuu ya I-15 kwa maonyesho, wakapanga Buick LeSabre nane, zikaenda karibu kilomita 100 kwa saa zikiwa zimeachana mita sita na nusu tu. Abiria ndani, dereva kaachia usukani. Kwenye lami walikuwa wamezika sumaku, ndizo zilizoziongoza gari zisitoke kwenye laini, na redio ndizo zilizozishikanisha. 1997! Wakati sisi huku simu ya mezani bado ni heshima. Mwaka uliofuata serikali yao ikajitoa kwenye mpango wa kitaifa uliokuwa nyuma ya maonyesho yale, na mimi siwalaumu, nani atazika sumaku nchi nzima, na gari la kawaida likijipenyeza katikati ya hizo nane mnafanyaje.

Hilo la kujipenyeza msilidharau. Sisi huku Probox moja tu inatosha kuharibu msafara, inaingia katikati, inakata nafasi, wote nyuma wanashika breki. Mashine za msafara zinapaswa kujua kwamba huyu aliyeingia hana redio, zimchukulie kama mgeni, zifungue nafasi taratibu nyuma yake, akitoka ziungane tena. Kusema hivyo ni rahisi. Kuungana tena ndo gharama.

Na hapa ndo penye hadithi ya pesa. Sababu ya makampuni ya malori kuupenda msafara ni mafuta. Lori linasukuma upepo, na wa nyuma akikaa karibu anakuta upepo umeshapasuliwa, kwenye majaribio yaliyofanywa kwa nafasi ndogo lori la nyuma limeokoa mafuta kama asilimia kumi hivi, na hata la mbele linapata kidogo manake ule mvuto wa nyuma ya tela unapungua. Ulaya wakakazana. Mwaka 2012 mradi wao wa SARTRE ulitembeza msafara kwenye barabara ya watu karibu na Barcelona, kilomita 200, lori moja linaloendeshwa na mtu limetangulia na magari mengine, lori na magari madogo, yanajifuatia nyuma kwa nafasi ya mita sita, mwendo wa 85. Aprili 2016 kampuni sita, DAF, Daimler, Iveco, MAN, Scania na Volvo, zikaleta misafara ya malori mpaka Rotterdam kutoka nchi mbalimbali, Scania wao wakianzia Sweden. Magazeti yakaandika kwamba ndo hivyo, dereva wa lori kazi imekwisha.

Januari 2019 Daimler wakatangaza wanaachana nayo. Sababu waliyoitoa nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye kibanda. Walisema mafuta yanayookolewa ni kidogo kuliko walivyotarajia hata hali ikiwa nzuri kabisa, hasa pale msafara unapokatika na malori yanalazimika kuongeza mwendo ili kuungana tena. Yaani kile unachookoa kwa kukaa karibu unakimwaga kwa kukimbiza. Mzee wa lori la nyuma angewaambia hilo bure, kwa kikombe cha kahawa tungu. Na juu ya hapo, kwenye malori mengi ya majaribio dereva wa nyuma alikuwa bado amekaa kwenye kiti, kwa hivyo hata mshahara haujaokolewa.

Kuna kitu kingine ambacho madereva wetu hubishana nacho sana nikiwaeleza, nacho ni mpangilio. Kwenye msafara wa mashine unaofuatana karibu, anayeweza kusimama kwa haraka zaidi ndo akae nyuma, na mwenye breki dhaifu akae mbele. Fikiria kidogo utaona: wa mbele akisimama ghafla, wa nyuma lazima aweze kusimama kwa nafasi ndogo zaidi, la sivyo anampanda. Kwa hivyo lori la simiti liongoze, basi lifuate. Na mwendo wa wote uwe ule ambao lori zito linauweza kwenye kilima, asiongeze mtu hata kama injini yake inaruhusu. Nilipowaambia hivyo pale stendi, kondakta mmoja wa basi akanitazama kweli kweli. "We fundi, abiria wangu wale vumbi la simiti mpaka Mokowe?" Nikamwambia kwa kanuni ya breki, ndiyo. Akasema kanuni yake yeye ni abiria wasihamie kampuni nyingine. Na ana hoja, sikatai.

Kwa njia yetu kuna jambo zito zaidi ya mafuta. Jeshi la Marekani baada ya Iraq na Afghanistan lilijikuta linapoteza watu wengi kwenye misafara ya malori ya kubeba vitu vya kawaida tu, maji, mafuta, chakula. Kwa hivyo likawa linajaribu malori yanayofuata yenyewe, na Januari 2014 huko Fort Hood, Texas, walionyesha msafara wa malori ya kijeshi yanayojiendesha, wakipita hata njia zenye watu na magari mengine. Sababu yao inaeleweka kwa mtu yeyote wa Hindi au Witu: asiyekuwepo kwenye kebini hauawi. Ila nikiwaza njia yetu najiuliza lingine. Gari la kujiendesha limefundishwa kusimama likiona mtu au gogo barabarani. Hiyo ni tabia nzuri kabisa mjini. Msituni, anayeweka gogo barabarani ndo anataka usimame, na msafara mzuri wa mashine, ule ambao wa mwisho anasimama sawasawa na wa kwanza, unampa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Huyo kiongozi wa mbele lazima awe mtu, tena mtu anayejua msitu, na neno lake lifike nyuma liwe "piteni" na si "simameni" tu. Na lisiweze kuigizwa. Wahandisi wanazifunga jumbe hizo kwa saini ya kidijitali ili redio ya mhuni isitangaze breki za uongo, lakini saini haizuii mtu kuvuruga masafa yote kwa kelele, na redio zikinyamaza gari zinatakiwa zijue zenyewe kufungua nafasi na kuendelea kwa rada. Kufungua nafasi, si kusimama wima. Kwa hilo mimi sina mjadala.

Mengine ya njia yetu nayapita haraka. Mifugo ya Waorma ikivuka inavuka yote, haikatwi katikati kwa ajili ya kompyuta. Mwisho wa 2023 mafuriko ya Tana yalikata barabara watu wakavushwa kwa mashua, hapo hakuna rada itakayokusaidia. Na matuta yetu mengine hayana rangi wala alama, unayajua kwa sababu jana ulirushwa.

Lakini kuna jaribio moja ambalo ndo limenikaa. Mwaka 2016 huko Arizona walirudia lile duara la Wajapani, magari kama ishirini, madereva watu, isipokuwa moja ambalo lilikuwa linaongozwa na kompyuta. Moja tu. Na hilo moja halikuongea na mwenzake yeyote kwa redio. Kazi yake ilikuwa kutokimbilia nafasi, linashika mwendo wa wastani, mbele yake panapofunguka linaacha pafunguke, panapobana linakuwa bado lina nafasi ya kupunguza bila kusimama. Wimbi likafika kwake likafa. Mafuta ya duara zima yakapungua mpaka asilimia 40. Novemba 2022 wakalipeleka wazo hilo hilo barabarani huko Nashville, gari 100 katikati ya msongamano wa asubuhi wa watu wanaokwenda kazini.

Nilimsomea mzee hiyo habari kwenye simu tukiwa njiani, yeye akanyamaza kidogo kisha akasema mbona ndivyo anavyofanya. Na kweli, nikawa nimeshaona. Lori la mbele likiruka mbele yeye harukii, anaacha mita zake, anakwenda na gia moja, na mara nyingi lile la mbele linaposimama kwa ghadhabu yeye anafika pale wakati lenyewe linaanza kuondoka. Ile breki kali niliyoieleza juu ni ya pale alipoambiwa asogee. Manake gari la eskoti liko nyuma yetu, na kila mzee akiacha nafasi, taa zinawashwa kwenye kioo, washa zima, washa zima, sogea mbele. Afande naye hana kosa. Yeye kaambiwa msafara usikatike, na nafasi kubwa msituni ni mlango.

Tulipofika Hindi wakashuka wote kunyoosha miguu, nikaona hapa ndo pa kuuliza. Nikamwambia afande, kwani nyinyi mmekubaliana na madereva waachane mita ngapi? Akasema amri ni moja, msiachane. Nikamwambia sawa, lakini mita ngapi? Akafikiri, akasema kama ishirini hivi. Mzee yuko pembeni anagonga matairi kwa kipande cha mti kusikiliza presha, akainuka akauliza, "Ishirini kwa mwendo gani, afande? Wa thalathini au wa themanini?" Wakaanza kubishana hapo hapo, mzee anahesabu sekunde kwa mdomo na kuonyesha barabarani kwa kile kijiti, afande anazipima kwa hatua za buti, na yule kondakta wa basi akaja kuingilia akitaka kwanza ajue ni nani kasema lori la simiti litangulie.